Mafua ya Kompyuta

Mkunga hakupiga kelele. Mtu anayeshinda kazini akisikiliza wenzake wakilia kwa uchungu hujifunza kuvimeza vilio vyake. Jumanne ile asubuhi, nywele hazijachanwa, alimpigia simu wifi yake.

"Wifi, njoo. Kazi yangu imeliwa."

"Imeliwa na nini?"

"Ningejua ningekuita? Njoo tu."

Wifi mtu alikuwa mpelelezi wa polisi, dawati la makosa ya mitandao. Watu wote walimwita Inspekta, mpaka waliomfundisha kutembea. Alifika nyumbani kwa mama yake, alikoishi Mkunga na mumewe, saa mbili kasoro, tumbo tupu, akakuta mlango uko wazi na hakuna aliyemkaribisha.

Tuseme ukweli mapema. Hakuja kama mpelelezi tu, alikuja pia kama mdhamini. Miezi miwili nyuma alikaa mbele ya kompyuta ile ile, akawatangazia kwamba nyumba hii sasa ina kinga, na mdudu yeyote wa mtandaoni akibisha hodi atarudi alikotoka. Majigambo hayo sasa yalikuwa yanamsuta.

Kompyuta ilikaa sebuleni, karibu na dirisha. Ndani yake mlikuwa na kazi ya Mkunga ya miaka mitatu: utafiti juu ya kina mama wanaotokwa damu nyingi baada ya kujifungua, kwa nini mmoja hufa na mwenzake hupona katika wodi ile ile, mikononi mwa watu wale wale. Ijumaa saa sita mchana alitakiwa awe ameutuma kwenye chuo cha ng'ambo kilichomwekea nafasi ya masomo. Asipotuma, nafasi inakwenda kwa mwingine, na mwakani umri wa kuomba utakuwa umempita.

"Nimefungua sasa hivi nisahihishe sura ya mwisho," alisema Mkunga. "Tazama mwenyewe."

Inspekta akatazama. Majina ya mafaili yalikuwepo, yamejipanga kwa adabu, lakini kila alilofungua lilijaa takataka: alama, namba, vijisanduku visivyo na maana. Herufi za skrini zilikuwa kubwa ajabu, kama za bango la barabarani. Akazipunguza ili aone vizuri, akaendelea kufungua. Takataka. Takataka. Takataka.

"Na nakala? Si nilikwambia uweke nakala kwenye flashi?"

"Niliweka."

"Iko wapi?"

Mkunga akanyoosha kidole. Flashi ilikuwa imechomekwa ubavuni mwa kompyuta, taa yake inapepesa.

"Imekaa hapo tangu lini?"

"Tangu siku ile. Si ulisema iwe inajinakili yenyewe kila jioni?"

Inspekta akaifungua flashi. Mdudu alikuwa amepita humo pia, hakubakiza kitu. Alikuwa amesema weka nakala, kweli. Neno la pili, kwamba nakala ikishawekwa ichomolewe ikafungiwe kabatini, alilibakiza kwa somo la wiki inayofuata. Wiki inayofuata akawa na kesi. Iliyofuata hiyo, kesi nyingine. Mganga hajigangi, na huyu wetu hata nyumba ya mama yake hakuiganga.

"Nilikuwa nije," alisema.

"Ndiyo. Ulisema," alijibu Mkunga. Hakusema kwa hasira, na afadhali angekasirika.

Hapo Mama akaingia na trei ya chai. Mwanamke wa miaka sabini na ushee, mfupi, miguu mizito, moyo mwepesi. Alimpenda mkwe wake waziwazi kiasi kwamba watoto wake wa kuzaa walimwonea wivu.

"Poleni, wanangu," alisema. "Sasa itapona siku ngapi?"

"Haiponi, Mama."

"Haiponi vipi? Hata kwa dawa?"

"Mdudu wa namna hii hafichi vitu, anavitafuna. Kilichotafunwa kimekwenda."

Mama akasimama na trei yake. Kisha akaiweka mezani taratibu sana na kurudi jikoni. Chai yenyewe, walipoionja, haikuwa na sukari. Inspekta akafikiri bibi wa watu anaumia kwa ajili ya mkwewe. Hakukosea, ila hakupata yote.

Kompyuta ni mbea wa hali ya juu. Ukijua kuiuliza, itakwambia nani aliingia, lini, na alishika nini. Inspekta aliiuliza kwa muda wa saa nzima, Mkunga amesimama nyuma yake kama mtu anayesubiri majibu ya damu.

"Mdudu aliingia Jumapili, saa nne asubuhi," alisema mwishowe. "Na hakuvunja mlango. Alifunguliwa."

"Alifunguliwa na nani?"

"Subiri. Mlinzi alizimwa kwanza." Mlinzi ndilo jina ambalo nyumba nzima iliipa ile programu ya kinga. "Alizimwa kwa mkono, kwa neno la siri, na halikukosewa hata mara moja. Kisha mtu akaingia kwenye barua pepe, akafungua folda, akabofya ujumbe."

"Folda gani?"

Inspekta akalisoma jina la folda mara ya pili.

"Inaitwa Sumu."

Mkunga akaketi. Folda ile aliijua, kwa maana aliiona ikitengenezwa. Siku ya somo, Inspekta alikuwa amewakuta na ujumbe mmoja wa kitapeli: *Mzigo wako umekwama, bofya hapa uupate.* Badala ya kuufuta, akafurahi. Mfano mzuri huo! Akawaonyesha Mkunga na mumewe: "Huyu ndiye nyoka. Mlinzi akiwa macho, hata ukimkanyaga hakuumi. Mlinzi akiwa amezimwa, umekwisha. Kwa hiyo mambo mawili: usimzime Mlinzi, usibofye vitu kama hivi." Akauhifadhi ujumbe kwenye folda, akaipa jina Sumu, ili wiki inayofuata autumie tena kufundishia. Mama naye alikuwepo, kwenye kochi, anafuma kitambaa. Akauliza, "Hicho kirusi chenyewe ndiyo nini?" Na Inspekta, bila hata kugeuka, akajibu, "Mafua, Mama. Kompyuta inashikwa na mafua." Wakacheka wote, somo likaendelea.

Nyoka hafugwi ndani kwa ajili ya kufundishia watoto. Hilo hata mjinga analijua. Inspekta alilijua, na alimfuga.

"Kwa hiyo mtu amefanya kusudi," alisema Mkunga polepole.

"Kusudi kabisa."

"Basi nisikilize, wifi. Asubuhi hii, kabla sijakupigia wewe, nimepiga simu chuoni. Wana sheria yao. Kompyuta ikiharibika yenyewe, au ukizembea mwenyewe, hilo ni lako, hawakungoji. Lakini kama umehujumiwa na mtu, na polisi wameandika hivyo, wanakuongezea mwezi mmoja. Karatasi za madodoso yangu ziko kwenye boksi chini ya kitanda. Mwezi mmoja ninaweza kuandika upya, hata nisipolala."

"Utaipata ripoti."

"Iwe imesema ni nani. Hawataki hadithi, wanataka mtu."

"Nimesema utaipata," alisema Inspekta. Moyoni alikuwa anaomba huyo mtu awe wa nje.

Wa nje aliyekuwepo ni mmoja: fundi wa kompyuta, jina la utani Skrubu, aliyekuja Jumamosi alasiri kubadilisha feni ya mashine. Skrubu alikuwa na sifa mbili mjini. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na flashi yake ilikuwa chafu. Mafundi wenzake walisema flashi ile imetembea nyumba nyingi kuliko mkusanya kodi. Inspekta alimkuta kibandani kwake, kichwa kimezama ndani ya kompyuta iliyofunuliwa.

"Inspekta! Karibu. Leo umekuja kwa heri au kwa pingu?"

"Itategemea wewe. Jumamosi ulimzima Mlinzi wa nyumbani kwetu?"

"Nani, mimi?" Skrubu akainua uso. "Yule Mlinzi wenu aliniaibisha! Nilichomeka flashi yangu tu, akapiga kelele sebule nzima kama mwizi ameingia. Akaikataa katakata. Nikaichomoa, nikafunga feni, nikaondoka na aibu yangu."

"Neno la siri hukupewa?"

"Nipewe na nani? Shemeji mkunga alikuwa zamu. Mumewe alikuwa kazini. Alikuwepo mama yako tu, na yule hana habari na mambo hayo. Alinisimamia mwanzo mwisho, anauliza hiki na kile. Wazee wakikosa mtu wa kuongea naye, hata fundi ni mgeni."

"Na Jumapili saa nne ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nilikuwa na wateja watatu wakinigombania. Nikupe namba zao?"

Akatoa. Inspekta akapiga zote, na wote wakasema lile lile, mmoja na matusi juu, kwa vile mashine yake haijapona hadi leo. Isitoshe, Skrubu hakulijua neno la siri, na habari za folda ya Sumu hakuwahi kuzisikia. Inspekta alitoka kibandani. Mtu wa nje alikuwa amemponyoka, na sasa alibaki na wa ndani.

Walioketi kwenye somo walikuwa Mkunga na mumewe. Mkunga hawezi kujikata shingo mwenyewe. Kwa hiyo amebaki mdogo wake Inspekta, fundi umeme, ambaye tangu utotoni aliitwa Waya kwa wembamba wake. Na Waya alikuwa na sababu. Wiki tatu zilizopita yeye na mkewe waligombana juu ya safari hii mpaka vyombo vikanyamaza. Majirani walisikia, sembuse dada mtu.

Alimkuta kwenye nyumba mpya isiyo na dari bado, juu ya ngazi, mdomoni ana koleo.

"Shuka."

"Dada, namalizia hii..."

"Shuka, nimekwambia."

Akashuka. Habari alikuwa nazo tayari, maana mkewe alimpigia simu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshtakiwa kabla ya mahakama kufunguliwa.

"Jumapili saa nne ulikuwa wapi?"

"Kwa mteja. Yule wa duka la viatu. Fyuzi zake zinaungua ungua."

"Hivyo ndivyo ulivyomwambia mkeo, nami nimempigia mteja huyo njiani. Anasema hajakuona tangu mwezi uliopita."

Waya akatazama chini. Akaanza kukuna kucha zake, tabia yake ya tangu shule ya msingi.

"Mdogo wangu," alisema Inspekta, na sauti ikamtoka laini kuliko alivyotaka, "mkeo ameumia leo. Kama ni wewe, niambie mimi kabla sijakuuliza kwa njia nyingine."

"Unadhani ni mimi?"

"Mligombana."

"Tuligombana, ndiyo! Nilimwambia asiende. Akaniambia atakwenda, na mtoto atamchukua. Kisha nikakaa nikafikiri, nikaona mjinga ni mimi." Akalitia koleo mfukoni. "Jumapili nilikwenda kwa fundi mmoja anayefanya kazi kwenye mji huo huo wa chuo. Yuko likizo. Wanahitaji mafundi umeme, ameniahidi kunipeleka kwa bosi wake. Nilitaka mke wangu akishatuma utafiti wake Ijumaa, nimwambie: twende wote. Nilitaka iwe furaha juu ya furaha. Ndiyo maana nilidanganya."

Akatoa simu, akampigia huyo fundi hapo hapo, akampa dada yake. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mtu mzima, mchangamfu. Ndiyo, Waya alifika saa tatu Jumapili, akaondoka saa saba, na alikula chakula chao chote.

Inspekta akarudisha simu.

"Nani mwingine alijua mpango huu?"

"Hakuna. Mke wangu hajui, Mama hajui. Nilipanga na huyu bwana kwa simu, Alhamisi jioni, pale koridoni."

"Koridoni wapi?"

"Nje ya chumba cha Mama. Lakini alikuwa amelala."

Inspekta akamwambia apande ngazi amalizie kazi yake, na akaenda kuketi ndani ya gari bila kuliwasha.

Alikuwa amehesabu vibaya. Wanafunzi wa somo lile walikuwa wawili, lakini sebuleni walikuwemo watu watatu aliowafundisha. Wa tatu alikuwa kwenye kochi anafuma, na neno la siri lilitamkwa kwa sauti mbele yake mara nne tano, kwa sababu Waya alikuwa mzito wa kukariri. Mama? Mama hajui hata kuiwasha! Ndivyo walivyozoea kusema. Lakini nani alimwonyesha Mama kukuza maandishi ili asome barua pepe za mjukuu wake mwingine, wa mtaa wa pili? Inspekta mwenyewe, siku hiyo hiyo, baada ya somo, dakika mbili za huruma. Bonyeza hiki, zungusha kigurudumu hiki. Na asubuhi ya leo alizikuta herufi kubwa kama za bango, akazipunguza kwa mkono wake, akafuta ushahidi bila kuutazama.

Na lile swali. Wote waliuliza nani na kwa nini. Mama peke yake aliuliza itapona siku ngapi.

Alijiona mdogo ndani ya gari lile. Akatoa kompyuta ndogo ya kazini, akaanza kuandika ripoti: *Uchunguzi unaonyesha kwamba mdudu aliingia kwa bahati mbaya.* Akaisoma. Sentensi ilikuwa nzuri, safi, na ingemwokoa mama yake. Ingemzika Mkunga. Akaifunga kompyuta bila kuihifadhi.

Jioni hiyo, jua bado lipo, aliwaita wote sebuleni. Mjukuu alipelekwa kucheza kwa jirani. Waya aliketi upande mmoja, Mkunga upande mwingine, katikati yao pengo la mtu mzima, maana Mkunga alikuwa ameshaanza kuamini mumewe ndiye. Mama aliketi kwenye kochi lake. Leo hakufuma.

"Nimepata," alisema Inspekta.

"Sema basi," alisema Mkunga, macho kwa mumewe.

"Kwanza nataka Mama anisaidie kitu. Mama, njoo ukae hapa."

"Mimi? Mimi nitasaidia nini na hayo madude yenu?"

"Njoo tu, Mama."

Mama akaja, akaketi mbele ya kompyuta. Inspekta akaufungua ukurasa wa barua pepe, herufi ndogo kama sisimizi, akarudi nyuma hatua moja.

"Nisomee mstari wa kwanza."

Mama akasogeza uso. Akakunja macho. Na kabla hajawaza lolote, mkono wake wa kushoto ukaenda kwenye kitufe, wa kulia ukashika kipanya, kidole kikazungusha kigurudumu. Herufi zikakua, zikakua, mpaka zikawa za bango la barabarani.

Mama akaitazama mikono yake, kisha akaiondoa na kuipakata mapajani, kama mtu aliyeshikwa na sufuria ya jirani.

"Hivyo ndivyo nilivyozikuta asubuhi," alisema Inspekta. Sauti yake ya kazini ilikuwa imemkimbia. "Kubwa hivyo hivyo. Mkunga anasoma hata ndogo. Waya pia. Skrubu hakujua neno la siri wala folda. Waya Jumapili alikuwa mbali, na aliyekuwa naye nimeongea naye. Nyumbani alibaki mtu mmoja."

"Dada, unasema nini?" Waya akasimama. "Unamjua huyu ni nani?"

"Kaa chini, mwanangu," alisema Mama. "Anasema kweli. Ni mimi."

Mkunga akayaondoa macho kwa mumewe.

"Mama?" alisema. "Mama, wewe?"

"Mimi."

"Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kitu. Ungenikosea ingekuwa rahisi." Mama alizungumza akitazama mikono yake. "Uliposema utakwenda na mtoto, nilinyamaza. Nikasema nitabaki na mwanangu. Alhamisi jioni nikamsikia huyu koridoni: twende wote, anamwambia mwenzake, tunahama wote. Mimi nilikuwa macho. Nikajilaza pale nikaona nyumba hii bila sauti. Sauti zote zimeondoka, nimebaki mimi na saa ya ukutani."

"Ungesema, Mama!" Waya alikuwa analia waziwazi. "Ungeniuliza! Nilikuwa nikuambie Ijumaa, nilikuwa nitafute namna..."

"Namna gani? Nyie mna namna zenu. Na mimi nikatafuta yangu." Akamgeukia Inspekta. "Wewe ulisema ni mafua. Mafua nimewauguza nyote. Mtu analala, pua zinamtoka, baada ya wiki yuko uani anacheza. Nikasema basi, mashine ikiugua kwa wiki moja, Ijumaa itapita. Ikishapona, kazi ya mkwe wangu iko pale pale, safari tu ndiyo imekwenda. Jumamosi nilishamuuliza hata yule fundi: hii kitu ikiugua, vilivyomo ndani vinakwenda wapi? Akasema, haviendi kokote, mama, vimo humo humo."

"Alidhani unauliza habari za feni," alisema Inspekta.

"Sasa nitajuaje? Hakuna aliyekuwa ananifundisha mimi. Nilikuwa nasikiliza tu."

Maneno hayo yalimpata Inspekta pale pale palipokuwa pameshauma tangu asubuhi. Alikuwa amewafundisha watu somo nusu, akamchekesha mmoja kwa mfano wa uvivu, akaacha sumu kwenye rafu ya chini, akaondoka zake kwenda kuwatafuta wahalifu mjini.

Mkunga alisimama dirishani, mgongo umewaelekea. Alikaa hivyo mpaka Waya akaanza kumwendea, naye akainua mkono kumzuia.

"Wifi," alisema bila kugeuka. "Utaandika nini?"

Inspekta akamtazama mama yake.

"Nakuuliza utaandika nini. Ukiandika bahati mbaya, mimi sina Ijumaa."

"Dada," alisema Waya kwa sauti ya chini, "ni Mama."

"Najua ni Mama!" alifoka Inspekta. "Unadhani sijui? Nikiandika kusudi, jina linaingia kwenye jalada. Jalada la polisi halifungwi kwa machozi ya familia. Itabidi nimkabidhi mwenzangu, aje hapa na sare zake, amhoji kama wanavyohojiwa wengine. Mkunga akimsamehe, labda haitafika mahakamani. Labda. Siwezi kuahidi. Nimeshaahidi mengi nyumba hii."

Kila mmoja alijua angechukia lolote litakalosemwa.

Mkunga akageuka. Macho yalikuwa mekundu, sauti imara.

"Mama, mimi nakupenda. Lakini kwenye lile boksi kuna wanawake kumi na wanane waliokufa. Niliwaambia mama zao nitaandika kwa nini. Siwezi kuwaambia mkwe wangu aliogopa upweke."

"Usiwaambie," alisema Mama. "Andika, wewe Inspekta. Washa hiyo yako, uandike."

"Mama..."

"Andika, mwanangu. Nilipompokea huyu mkwe wangu nilimwambia hapa ni kwako. Nani anamwibia mtu kwake?"

Inspekta akawasha kompyuta yake ya kazini, akaiweka juu ya magoti. Akaandika siku, mahali, saa. Akaandika kwamba ujumbe wenye mdudu uliachwa ndani ya mashine na afisa wa polisi, ndugu wa familia, ambaye pia hakurudi kukamilisha mafunzo. Akaweka jina lake na cheo chake. Kisha akaandika jina la mama yake, jina lote, la kwake, la baba yake na la babu yake.

"Nisomee," alisema Mama.

Akasoma. Alipofika mwisho sauti ilipungua: "...*alizima kinga na kufungua ujumbe huo bila kujua ubaya wa tendo lake.*"

"Hapo," alisema Mama. "Futa hapo."

"Mama, ni kweli hukujua. Ulidhani ni wiki moja."

"Ukubwa wake ndio sikujua. Ubaya niliujua. Nilisubiri mpaka mkwe wangu aende zamu, nikafunga pazia. Mtu asiyejua ubaya anafunga pazia kwa nini?"

Mkunga alikuwa amefunika uso kwa viganja. Waya alimtazama dada yake, anamwomba kwa macho aiache sentensi kama ilivyo, hakuna atakayejua.

"Futa, mwanangu," alisema Mama tena. "Kisha niandikie kwa herufi kubwa, nisome mwenyewe kabla sijaweka sahihi."

Inspekta akafuta. Akaandika upya kama alivyoambiwa, akazikuza herufi, akamgeuzia mama yake skrini.